SIGARA INALINDWA, NGUO IMEACHWA UCHI

Ndugu wanachama,

Katika mikutano ya matawi, kutoka Manzese hata Tandika, tunaambiwa kila mara kwamba viwanda vyetu vimeuawa na utandawazi, kana kwamba utandawazi ni kusi, upepo usio na mwenyewe. Sisi tunakataa! Soko la dunia lina mlango, na mlango huo hufunguliwa na kufungwa na siasa.

Tazameni viwanda viwili. Kiwanda cha nguo cha Urafiki, Ubungo, kilifunguliwa mwaka 1968 kwa msaada wa China. Kiwanda cha sigara kipo Chang'ombe, Temeke. Vyote vilikuwa mali ya umma. Vyote viliingia ubia na wageni miaka ya 1990. Sigara ikastawi. Urafiki ukadhoofika, wafanyakazi wakapunguzwa.

Kwa nini? Hatusifu moshi, lakini sheria yetu huitoza ushuru mdogo sigara yenye zaidi ya asilimia 75 ya tumbaku ya nchini. Kwa hiyo mgeni hununua tumbaku ya mkulima wetu. Hiyo ni sheria, si bahati. Pamba je? Sehemu kubwa huuzwa nje ikiwa ghafi, nasi tukavaa nguo za wengine.

Mwaka 2016 wakuu wa nchi za Afrika Mashariki waliazimia kuachana na mitumba hatua kwa hatua. Wafanyabiashara wa mitumba wa Marekani wakalalamika kwa serikali yao, na mwaka 2017 nafuu yetu ya ushuru chini ya AGOA ikatiwa mashakani. Kenya, Uganda na Tanzania zikarudi nyuma. Rwanda ikashikilia, mwaka 2018 nguo zake zikanyimwa nafuu hiyo. Je, huo ni upepo? Huo ni ubabe!

Wala mama muuza mitumba wa Tandika si adui yetu. Anatafuta ada ya watoto. Kumfungia robota kabla ya kuwasha mashine ni kumpokonya tonge mdomoni.

Basi tunataka sare za shule, magwanda ya askari na mashuka ya hospitali vifumwe nchini kwa pamba yetu. Mashine zikishika kasi, ndipo mlango wa mitumba uanze kufungwa. Kila tawi limwulize mbunge wake: wewe umesimama upande gani wa mlango?

Bendera tuliipandisha mwaka 1961. Nguo yake ifumwe hapa.

Uhuru na Kazi!