Joho la Muuguzi na Kitanda cha Mgonjwa



Kila mwaka majira ya mahafali yanapowadia, matangazo ya mwisho wa Misa hujaa pongezi. Fulani amehitimu sheria, fulani uhandisi, na makofi husikika hadi nje. Ikisomwa shahada ya uuguzi, makofi hupungua. Tukiisha kutoka kanisani hakosekani mtu wa kuuliza, tena mbele ya mhitimu mwenyewe: "Miaka minne yote ili awe nesi tu?" Neno hilo "tu" ndilo lililonisukuma kuandika juma hili.

Tuangalie kwanza hiyo miaka minne. Pale Mwanza, wanafunzi wa uuguzi wa Chuo Kikuu Katoliki cha Afya na Sayansi Shirikishi husoma maungo ya mwili, dawa, vimelea vya magonjwa, afya ya akili na ukunga. Na jirani kabisa iko Hospitali ya Bugando, iliyofunguliwa mwaka 1971, ambako yale ya darasani hupimwa kwa mtu anayeumia kweli. Baada ya shahada huja mwaka wa utarajali, na tena mtihani wa Baraza la Uuguzi na Ukunga kabla ya leseni. Sijui ni mafunzo gani mengine tunayoyaita "tu".

Je, elimu hiyo inamfaa mgonjwa? Mwaka 2014 jarida la kitabibu la Lancet lilichapisha utafiti ulioongozwa na Linda Aiken, mwenyewe muuguzi na profesa, uliofuatilia wagonjwa zaidi ya 420,000 waliofanyiwa upasuaji katika hospitali 300 za nchi 9 za Ulaya. Palipokuwa na ongezeko la asilimia 10 la wauguzi wenye shahada, uwezekano wa mgonjwa kufariki ndani ya siku 30 ulipungua kwa asilimia 7. Na kila alipoongezwa mgonjwa mmoja katika mzigo wa muuguzi, uwezekano huo ulipanda kwa asilimia 7. Hiyo ni Ulaya, wala sisemi kwamba tarakimu zake zitahamia kwetu zilivyo. Lakini sababu yake yeyote aliyelazwa anaifahamu. Daktari hupita asubuhi. Usiku kucha aliyepo ni muuguzi. Ndiye anayeona kwamba pumzi zimebadilika, kwamba mama aliyejifungua jioni ametulia kupita kiasi, na ndiye anayeamua kama daktari aamshwe sasa au asubiriwe hadi kuche. Uamuzi huo hauhitaji huruma peke yake. Unahitaji elimu.

Yapo malalamiko ninayoyasikia wodini ninapopeleka Komunyo kwa wagonjwa: kwamba hawa wa shahada hawashiki kitanda, wanashika kalamu. Siyapuuzi. Wapo vijana wanaodhani joho limewaondolea wajibu wa kumwosha mgonjwa na kumgeuza asipate vidonda vya mgongo. Hata hivyo, lawama kubwa naielekeza kwa utaratibu wetu wa kupandisha watu vyeo. Muuguzi akifanya vizuri, zawadi yake ni kuondolewa wodini na kupewa ofisi. Kadiri anavyojua zaidi, ndivyo anavyowekwa mbali na mgonjwa. Kisha tunashangaa kwamba vijana wanaisoma shahada kama ngazi ya kutorokea.

Inawezekana kuwa vingine. Jirani zetu wa Kenya wanaye Anna Qabale Duba, muuguzi wa Marsabit. Tarehe 12 Mei 2022, Siku ya Wauguzi Duniani, alitunukiwa huko Dubai tuzo ya kimataifa ya Aster yenye dola 250,000, akichaguliwa miongoni mwa wauguzi zaidi ya 24,000. Kijijini kwao Torbi alianzisha shule ambamo watoto husoma asubuhi na wazazi wao jioni, naye hupiga vita ukeketaji na ndoa za utotoni. Elimu yake haikumtoa kwa watu wake.

Sasa nifike kwenye jambo linaloniuma. Shirika la Afya Duniani, katika taarifa yake ya mwaka 2025, lilihesabu upungufu wa wauguzi milioni 5.8 duniani kwa mwaka 2023, na kusema kwamba asilimia 78 ya wauguzi wote wako katika nchi zenye asilimia 49 tu ya watu. Sisi tuko upande ule mwingine. Pamoja na hayo, wapo wahitimu wenye leseni wanaokaa nyumbani wakisubiri ajira, huku wodini muuguzi mmoja akibeba zamu ya usiku peke yake. Wazazi waliuza ng'ombe, jumuiya ndogo ndogo zikachanga ada, na aliyesomeshwa anauza vocha za simu. Akipata nafasi ya kazi ng'ambo, nani atamnyoshea kidole?

Serikali ina sehemu yake, nasi tunayo. Kamati ya zahanati ya parokia hukutana Jumamosi. Nitapendekeza fedha zilizotengwa kwa ajili ya uzio mpya zitumike kwanza kumlipa muuguzi wa pili wa usiku, na masharti ya kazi yataje wazi kwamba atakaa na wagonjwa. Mwenye hoja ya kuutetea uzio aje nayo.