KARAKANA YA NYUMBANI: Mwendo wa Mbao si Mwendo wa Chuma



Makambako ni njia panda. Hapo barabara kuu iendayo Tunduma hutoa tawi la kwenda Songea, na reli ya TAZARA nayo ina stesheni yake. Ukilishika tawi hilo, baada ya kilomita zipatazo 60 huwa umeingia Njombe. Katika miji hii miwili mbao za misindano ni jambo la kila siku, na mashine za kuzipasulia ni nyingi. Kwa hiyo si ajabu fundi wa milango na grili, mwenye karakana ndogo uani kwake, akauziwa kwa bei nafuu msumeno wa utepe uliochakaa kwa kazi ya mbao, akatamani kuukatia chuma.

Tamaa hiyo si mbaya. Msumeno wa utepe, ambao meno yake yamo katika ukanda mwembamba wa chuma unaozungushwa na magurudumu mawili, hukata kwa unyofu, haupigi kelele nyingi kama grainda, wala haurushi cheche ukitumiwa ipasavyo. Lakini yafaa ieleweke wazi kwamba mashine ya mbao haikati chuma mpaka kwanza ipunguzwe mwendo.

Sababu ni hii. Katika kukata mbao, utepe hukimbia mita zipatazo 900 kwa dakika. Chuma cha kawaida, kwa utepe wa bei nafuu, hutaka mita 30 tu. Ukikipeleka kwa mwendo wa mbao, meno huungua na kuwa butu kabla nondo moja haijakatika. Hasara hiyo hutoka katika fedha ya chakula cha watoto.

Basi tufanye hesabu pamoja. Gurudumu lenye kipenyo cha sentimita 35 lina mzingo wa mita 1.1, ili utepe uende mita 30, gurudumu lizunguke mara 27 kwa dakika. Mota nyingi za umeme wetu huzunguka mara 1,440. Funga giaboksi ya kupunguza mara 20, utapata mizunguko 72. Kisha weka puli ya sentimita 7.5 kwenye giaboksi na ya sentimita 20 kwenye ekseli ya gurudumu, nawe utapata 27 kamili. Giaboksi iwe imara, kwa kuwa mwendo ukipungua nguvu ya kusokota huongezeka. Puli na mikanda vifunikwe kwa bati, na waya wa ardhi ufungwe na fundi umeme anayejua kazi yake.

La pili ni meno. Utepe wa mbao hauna budi kuondolewa na kuwekwa wa chuma. Kanuni ni kwamba meno yasiyopungua matatu yaume chuma kwa wakati mmoja. Kwa bomba jembamba la grili tafuta utepe wenye meno 24 kwa inchi. Kwa nondo nene, meno 10 hadi 14 yatafaa. Utepe mpya usikandamizwe. Mikato ya kwanza iwe ya upole, meno yapate kuzoea.

Kisha itazame takataka inayodondoka, maana hiyo ndiyo mwalimu wako. Ikijikunja na kubaki na rangi yake, kazi ni njema. Ikiwa unga, ongeza mkandamizo kidogo. Ikigeuka buluu, mwendo au mkandamizo umezidi. Chuma cha kusubu, hata hivyo, hutoa unga siku zote, nacho hukatwa kikavu.

Mwisho ni usalama, na hili linahusu nyumba nzima. Nondo ya mviringo usiishike kwa mkono, kwani utepe huiviringisha ghafla na kuvuta vidole. Ifunge katika jiliwa. Usivae glavu karibu na utepe unaozunguka, wala usikose miwani. Kabla ya kukata chuma fagia unga wote wa mbao, ndani ya mashine na chini yake, kwani chembe moja ya moto hutosha kuuwasha. Na ukiondoka, hata kwa dakika moja, zima swichi ukutani: watoto wa uani hawajui tofauti ya chombo cha kazi na cha mchezo.

Kwa asiye na hakika ya mafundisho haya, SIDO, shirika lililoundwa mwaka 1973 kwa ajili ya viwanda vidogo, ni mahali pazuri pa kuomba ushauri kabla ya kununua giaboksi. Swali halitozwi ushuru. Kidole kilichokatika hakinunuliki.

Hadi Jumapili ijayo, kazi njema.