Msituambie Ni Matofali Tu

Katika mjadala wetu wa Ijumaa, mwenzetu mmoja alisimama akasema, kwa sauti ya mtu aliyemaliza hoja: "Ziwa limerudi kuchukua chake. Waliojenga ufukweni walijitakia." Darasa likacheka. Mimi sikucheka, kwa kuwa shule ya bweni niliyosomea miaka mitatu kule Rumonge imo ndani ya maji hayo. Siku ile koo lilinikaba. Najibu leo.

Nianze na yale nisiyoyapinga. Ni kweli Ziwa Tanganyika hupanda na kushuka. Katika karne ya 19 mdomo wa Lukuga, mto pekee unaotoa maji ya ziwa hili, ulikuwa umeziba. Maji yakajaa hadi yakajifungulia njia mwishoni mwa miaka ya 1870, kisha yakashuka mita nyingi. Mwaka 1964, baada ya mvua kubwa za mwanzo wa muongo ule, yakapanda tena. Ni kweli pia kwamba sheria ya maji ya Burundi ya mwaka 2012 inakataza kujenga ndani ya mita 150 kutoka ukingo wa Tanganyika. Kwa hiyo sisemi shule ijengwe tena palepale. Asiyefunzwa na maji haya atafunzwa na nini?

Lakini kutoka hapo hadi kusema "walijitakia" ni mbali. Mita 150 zinapimwa kuanzia wapi, ikiwa ukingo wenyewe unatembea? Mvuvi anayeingia ziwani usiku na kurudi alfajiri ataishi wapi, kama si karibu na mtumbwi wake? Na mtoto wake wa miaka 14, aliyepelekwa shule iliyokuwapo kabla hajazaliwa, alijitakia nini? Aprili 2024, serikali yetu pamoja na Umoja wa Mataifa waliomba msaada wa dunia kwa ajili ya mafuriko. Walitaja watu wapatao 96,000 waliohama makwao. Maji hayohayo yaliingia hata bandarini Bujumbura. Mbona sikusikia mtu akiiambia bandari kwamba ilijitakia? Maneno haya tumewawekea wanyonge peke yao.

Mwingine, mpole zaidi, aliniambia baada ya kipindi: "Usihuzunike sana, ndugu yangu. Ni matofali tu." Najua alitaka kunifariji. Hata hivyo, hoja yake ndiyo naiona mbaya zaidi, kwa sababu ina sura ya huruma.

Mimi ni mtoto wa milimani, Bururi. Nilifika Rumonge nikijua Kirundi, na Kifaransa cha darasani. Siku ya kwanza nilitoka kununua ndagala kwa mama mmoja karibu na lango la shule. Nikamwomba kwa Kirundi. Alinielewa vizuri sana, lakini akakunja mikono: "Mwanangu, hapa ni Rumonge. Omba kwa Kiswahili." Nikababaika, akanisahihisha, nikarudia mara tatu, ndipo akanifungia ndagala na kuongeza kiganja kimoja cha bure. Miaka mitatu nilipita pale. Usiku, kutoka dirisha la bweni, tuliona taa za wavuvi zimejipanga ziwani kama mji mwingine, tukabishana zilikuwa ngapi hadi mlinzi akatufokea. Wali wetu wa Jumapili ulikuwa mwekundu kwa mawese. Kiswahili ninachoandikia insha hii nilikipata pale, na bila pale nisingekuwa katika idara hii.

Likizo iliyopita nilirudi. Mvuvi mmoja alinipeleka kwa mtumbwi. Tulipokaribia, aliacha kupiga kasia akasema: "Polepole sasa, mwanangu. Hapa chini ni darasa." Maji yalikuwa yamefika kwenye madirisha. Nilimwuliza habari za yule mama wa ndagala. Akasema amehamia mlimani kwa dada yake, na hauzi tena, kwani huko hakuna samaki.

Hapo ndipo nilipoelewa kilichozama. Matofali yanaweza kufyatuliwa upya. Lakini shule ile ilikuwa imeshikamana na soko, soko na mwalo, na mwalo na lugha. Wenzangu, sisi tunaosoma Kiswahili katika nchi hii tunajua kimeishi wapi: Buyenzi, Rumonge, Nyanza-Lac, miji ya watu waliokutana kwa biashara na uvuvi. Mtaa wa ufukweni ukitawanywa, kaya hii huku na ile kule, lugha yake nayo inatawanyika. Inashangaza kwamba kicheko kile kilitoka katika darasa la Kiswahili.

Mtu atasema mapenzi ya mahali ni hisia tu, hayajengi kitu. Mimi naona yanajenga. Tazameni Buta. Tarehe 30 Aprili 1997 wanafunzi 40 wa seminari ile waliuawa baada ya kukataa kutenganishwa Wahutu na Watutsi. Sifananishi maji na risasi, hasha. Nasema tu kwamba waliobaki hawakuambiwa wasahau. Makaburi ya vijana wale yanatunzwa palepale, na mahali pale panaifundisha nchi nzima hadi leo. Mahali pakipendwa, pana wa kupatetea.

Basi nadai mambo matatu. Kwanza, shule zikihamishwa zihamishwe pamoja na watu wake, mahali ambapo mtoto wa mvuvi anaweza kufika kwa miguu. La sivyo tutajenga madarasa mazuri yasiyo na watoto wa ziwani. Pili, madaftari ya majina na alama yaokolewe, yaanikwe, yanakiliwe. Jengo tutamsamehe mtu, lakini kijana aliyepoteza uthibitisho kwamba alisoma amepotezwa mara mbili. Tatu, sisi tuliosoma kule tuache kutuma picha za mapaa yanayoelea na maneno ya pole peke yake. Twende, tuulize nani yuko wapi, tuandike Kiswahili chao kabla hakijachanganyika na kupotea.

Na kwako, mwenzangu wa Ijumaa: unasema ziwa limechukua chake. Yule mama hakuwa wa ziwa. Alikuwa mwalimu wangu wa kwanza wa lugha ambayo wewe na mimi tunatafutia shahada. Ukitaka kucheka tena, cheka, lakini kwanza nenda kamtafute huko mlimani, umwombe ndagala kwa Kiswahili.