Farasi wa Ranchi Naye Acheze

Wengi wetu farasi wa kauboi tumemwona kwenye filamu tu, akipiga shoti, vumbi likitimka na risasi zikilia. Basi huenda mtu akacheka akiambiwa kwamba huko Marekani farasi huyo huyo, na tandiko lile lile la ranchi, siku hizi huingia uwanjani akazunguka duara kwa madaha na kusimama tuli mbele ya mwamuzi. Mchezo huo ni dresaji ya Magharibi. Wako wanaoudharau, eti ni dresaji ya bandia. Mimi nasema wamekosea, na sababu ninazo.

Dresaji ni mchezo mkongwe wa Ulaya, na jina lake latokana na neno la Kifaransa lenye maana ya kufunza. Farasi hufunzwa kufuata ishara ndogo ndogo za miguu, kiuno na hatamu, hata mtazamaji adhani anacheza kwa hiari yake. Mchezo huu uliingia katika Olimpiki ya Stockholm mwaka wa 1912. Lakini mlango wake ulikuwa mwembamba ajabu! Wanawake hawakuruhusiwa, wala askari wa vyeo vya chini. Mwaka wa 1948, kule London, timu ya Uswidi ilishinda dhahabu, kisha ikanyang'anywa kwa kuwa mpandaji mmoja, Gehnäll Persson, hakuwa na cheo cha kutosha jeshini. Je, alipanda vibaya? La hasha! Kosa lake lilikuwa cheo tu.

Mwaka wa 1952, kule Helsinki, mlango ulifunguliwa. Persson alirudi na timu yake ikatwaa dhahabu. Naye Lis Hartel wa Denmark, mwanamke ambaye miguu yake ilikuwa imepoozwa na polio, akashinda fedha. Sasa niambieni, mchezo ulipungukiwa na nini kwa kuwapokea hawa? Si chochote. Ulitajirika.

Dresaji ya Magharibi inafuata njia hiyo hiyo. Chama chake cha kitaifa kiliundwa Marekani mwaka wa 2010, na vyama vya majimbo vikaanza kuandaa mafunzo na mashindano karibu na wananchi. Hapo huulizwi farasi wako ni wa ukoo gani. Aliyezoea kufukuza ng'ombe naye anakaribishwa.

Wapinzani husema kwamba ukifungua mlango, kiwango kitashuka. Hilo si kweli. Uwanja una vipimo vyake, mita 20 kwa 40 au 20 kwa 60, na herufi pembeni za kuonyesha mahali pa kugeuka na pa kusimama. Kila kitendo hupewa alama, kuanzia 0 hadi 10, na mpandaji hurudishiwa karatasi yenye maoni ya mwamuzi. Hata akiwa wa mwisho, anaijua kasoro yake na pa kuanzia kesho. Madaraja nayo hupanda ngazi kwa ngazi, kwani haba na haba hujaza kibaba. Huko si kushusha kiwango, bali ni kumpa kila mtu ngazi ya kukifikia.

Sikatai kwamba farasi ni ghali, na maskini hamudu kumfuga. Hapo vyama hivyo havijamaliza kazi. Lakini mlango uliofunguliwa nusu ni bora kuliko uliokomewa.

Nasi katika chama chetu cha Kiswahili tujiulize. Mwenzetu akisimama na Kiswahili chake cha mtaani, kimechanganyika na Sheng, si huwa tunamcheka mpaka anaketi? Wiki ijayo haji tena. Halafu tunalalamika kwamba wanachama ni wachache! Heri tungemwacha amalize, kisha tumwonyeshe ni wapi ngeli zilimteleza na ni wapi amenena vyema. Sarufi itabaki ile ile, na wasemaji wataongezeka.

Kwa hiyo nawasihi wenzangu na walimu wetu: kanuni tuzishike, lakini mlango tuuache wazi. Asiyejua leo akifunzwa kwa upole, kesho huenda akatushinda sote.