UCHAMBUZI: Faili ya mgonjwa iwe mikononi mwa nani?

Mgonjwa anayetoka zahanati ya kijijini Kitui, akapelekwa hospitali ya kaunti na hatimaye Hospitali ya Kitaifa ya Kenyatta, aghalabu hubeba historia ya maradhi yake katika daftari la shule. Daftari likipotea, vipimo huanza upya, na anayelipa ni yeye.

Katika juhudi za kuziba mapengo ya namna hii, serikali imekuwa ikizialika kampuni za kibinafsi. Mnamo 2015 ilikodisha vifaa vya matibabu kwa hospitali 98, mbili katika kila kaunti na nne za kitaifa, kwa makadirio ya awali ya Sh38 bilioni. Nia ilikuwa njema: mgonjwa wa figo asafishwe damu karibu na kwao.

Hata hivyo, uchunguzi wa Seneti wa 2020 ulifichua kuwa baadhi ya mashine zililala bila kutumika, huku fedha za kaunti zikiendelea kukatwa. Kwingine hapakuwa na umeme wa kutosha, kwingine wataalamu. Mashine ilikodishwa, lakini safari ya mgonjwa kutoka zahanati hadi kwenye mashine hiyo haikupata mwenyewe.

Safari hii ushirikiano ni wa kompyuta. Mamlaka ya Afya ya Jamii (SHA) ilipoanza kazi Oktoba 1, 2024, ilitegemea mfumo wa kidijitali uliopewa muungano wa Safaricom, Apeiro na Konvergenz. Ripoti ya Mkaguzi Mkuu wa Hesabu za Serikali, Bi Nancy Gathungu, iliyotolewa Machi 2025, ilisema mfumo huo wa Sh104.8 bilioni ulitolewa bila zabuni ya ushindani na kwamba serikali si mmiliki wake.

Serikali imejitetea kuwa kampuni hizo ndizo zilizoleta mtaji, na kwamba mfumo umesaidia kunasa madai bandia. Hoja hiyo ina uzito. Wizi katika bima ya afya si hadithi.

Lakini tutazame jinsi wawekezaji wanavyolipwa. Kwa mujibu wa ripoti hiyo, wao hupata asilimia 2.5 ya michango ya wanachama na asilimia 5 ya madai ya hospitali. Yamkini basi mfumo utaimarika kwanza penye dirisha la malipo. Nani atalipwa kwa kuhakikisha kuwa picha ya eksirei iliyopigwa Kitui imemfikia daktari Nairobi kabla ya mgonjwa?

Ikumbukwe kuwa Katiba ya 2010 iliwaachia magavana hospitali za kaunti, na serikali kuu ikabaki na za rufaa za kitaifa. Ongeza hospitali za misheni na kliniki za kibinafsi, na faili moja inavuka mipaka ya wenye mali wanne. Ni muhali kwa mfumo wenye mmiliki wa tano kuiunganisha bila masharti makali.

Sheria ya Afya Dijitali ya 2023 inaitambua data ya afya kuwa rasilimali muhimu ya taifa. Wabunge wanapaswa kudai kandarasi hiyo iandikwe upya ili sehemu ya malipo itegemee rufaa zilizokamilika. Nayo ikamilike pale tu muuguzi wa zahanati atakapopokea taarifa ya kurejeshwa kwa mgonjwa wake: alitibiwa nini, anameza dawa gani na arudi kliniki lini.