Bendera ya Jirani Haishushi Bei ya Nyumba, Anayeishusha ni Dalali

Huku Namawala mpunga umeshaingia ndani, hela zinatembea, na kama ilivyo kila mwaka msimu huu ukifika, watu wanauza na kununua viwanja. Mwaka huu kuna maneno yamezuka huku ambayo tawini tumeyajadili kwa kelele tu bila kufika popote: eti bendera ya chama ikipepea kwa jirani, nyumba yako haiuziki, au inauzika kwa bei ya kutupa.

Maneno yameanzia kwa mama mmoja mjane. Anauza nyumba yake ya vyumba vitatu, tofali za kuchoma, bati, miembe miwili nyuma. Presha inamsumbua, anataka ahamie Ifakara kwa binti yake awe karibu na hospitali. Akataja milioni nane. Dalali akamletea mteja, mwalimu, akazunguka nyumba, akaangalia choo, akaangalia kisima, akaaga vizuri. Kesho yake dalali akarudi peke yake.

"Mama, mteja nyumba ameipenda. Tatizo ni hapo kwa jirani. Ile bendera ya wapinzani, yeye ni mtumishi wa serikali, anaogopa maneno. Ukishuka mpaka sita naweza nikamshawishi."

Jirani mwenye bendera ni kijana wetu, kamanda wa kweli, bendera yake iko kwenye mwanzi mrefu unaoonekana toka barabarani. Jioni mama akamfuata. Hakuja na ugomvi. Alimwambia tu, "Mwanangu, naomba uniteremshie hicho kitambaa mpaka niuze." Huyo mama amemlea yule kijana kama wa kwake, njaa ya masika alikuwa anakula kwake. Akakosa jibu. Akaja tawini, na tawi likapasuka katikati. Nusu wanasema kushusha bendera ni usaliti, nusu wanasema milioni mbili za mgonjwa ni kubwa kuliko kitambaa.

Mimi nasema pande zote mbili zimemwamini dalali haraka mno.

Kwanza tuelewane kwa nini jambo hili linauma. Kuna wadogo zetu humu ambao 2015 walikuwa shule ya msingi, hawajui kwamba mwaka ule majimbo yote mawili ya bonde letu, Kilombero na Mlimba, yalichukuliwa na upinzani. Halafu 2016 mikutano ya hadhara ikapigwa marufuku, marufuku iliyokuja kuondolewa Januari 2023. Miaka yote hiyo huku kijijini usingeweza kuweka spika chini ya mti ukaongea. Kilichobaki ni bendera. Mtu aliyekuwa na bendera uani kwake alikuwa amebeba mkutano mzima peke yake, na wapo walioulizwa maswali kwa ajili hiyo. Kwa hiyo ukimwambia kamanda ateremshe bendera, humwombi kitu kidogo, na asije mtu wa mjini akatucheka kwamba tunalia kwa ajili ya kitambaa.

Lakini mama naye haombi kitu kidogo. Milioni mbili kwa mama mwenye presha ni dawa za muda mrefu sana, ni kodi ya chumba Ifakara, ni mtaji wa genge la binti yake.

Basi nikafanya kitu rahisi ambacho nashangaa hakuna aliyekifanya kabla yangu. Nikamtafuta yule mwalimu. Nilimkuta sokoni, tukasalimiana, nikamuuliza nyumba imekushindaje. Jamaa hakugusa bendera kabisa. Aliniuliza yeye: masika maji yanafika wapi pale? Na la pili: hati ina jina la nani?

Haya sasa. Hati ina jina la marehemu mume.

Wenyeji mnajua, kuanzia 2016 ulikuja ule mpango wa kupima na kumilikisha ardhi katika wilaya zetu tatu, Kilombero, Ulanga na Malinyi, na watu wengi wakapata hati za hakimiliki ya kimila. Waliosikiliza vizuri waliandikisha majina mawili, mume na mke. Nyumba nyingine lilienda jina la baba peke yake kwa sababu ndiye aliyekuwepo siku ile au ndiye aliyeshika kalamu. Baba akishafariki, mama anabaki na nyumba anayolala ndani yake lakini karatasi haimjui. Mnunuzi mwenye akili lazima asite, na akisita, bei lazima iteleze. Hiyo ndiyo milioni mbili. Dalali alijua. Angemwambia mama ukweli, mama angeenda kutengeneza karatasi na bei ingesimama pale pale kwenye nane, tena labda bila yeye. Akaona amwonyeshe bendera. Bendera ni sababu nzuri sana ya uongo kwa kuwa inaonekana, inamhusu mtu mwingine, na kila Mtanzania anajua inaweza kuwa kweli.

Maana inaweza kuwa kweli. Hapo nisiwadanganye.

Visiwani waliyaona haya kwa kiwango ambacho sisi huku bara hatukijui. Miaka ya tisini na baada yake, Pemba na sehemu za Unguja, uhasama wa CCM na CUF ulifika mahali duka la fulani halinunuliwi na wale, gari la fulani halipandwi, msibani watu hawaendi, hata kisima kinakuwa na chama. Muafaka wa 1999 na ule wa 2001 haukuyamaliza. Ilisubiriwa mpaka maridhiano ya Novemba 2009 na kura ya maoni ya Julai 2010, ambapo theluthi mbili hivi ya wapiga kura walikubali serikali ya umoja wa kitaifa. Mahali ambapo watu hawanunuliani sukari, nani atakwambia atanunua nyumba katikati ya bendera za wenzake? Pale bendera ilikuwa inatangaza nani anaruhusiwa kuishi mtaa huu kwa amani. Huko ndiko tusikotaka Namawala ifike, na kwa kweli hatujafika. Hapa Mndamba, Mpogoro, Msukuma na Mmasai wanauziana ng'ombe, mpunga na viwanja bila kuulizana kadi.

Na kuna bendera nyingine ambayo inagusa uuzaji wa nyumba kuliko ya kwetu, ila hakuna dalali anayeisema. Ni ile ya kijani na njano kwa balozi.

Balozi wa nyumba kumi, wengine wanamwita mjumbe, alianzishwa na TANU miaka ya sitini, wakati chama ni kimoja na chama ndiyo serikali. Vyama vingi vikarudi 1992. Kisheria balozi akabaki kuwa kiongozi wa shina la CCM, mtu wa chama chake kama mwenyekiti wa tawi letu alivyo mtu wa chama chetu. Lakini kwa mazoea hakuondoka mlangoni kwa serikali. Mpaka leo ukiuza kiwanja unaambiwa "anzia kwa balozi". Anaandika kikaratasi, anashuhudia, wanakaa chini ya bendera yake, na mnunuzi anaondoka akiamini nyumba imeshakuwa yake.

Haijawa yake. Sheria ya Ardhi ya Vijiji Namba 5 ya 1999 inatambua idhini ya halmashauri ya kijiji, siyo ya balozi. Mahakama ya Rufani imeshasema kwamba mauzo ya ardhi ya kijiji bila idhini ya halmashauri ya kijiji ni batili. Kwa hiyo mtu anayelipa milioni zake kwa sahihi ya balozi peke yake amenunua maneno.

Ngoja niseme kitu ambacho baadhi yenu hamtakipenda. Mabalozi wengi huku ni wazee wa watu. Wanajua mpaka wa kila shamba, wanajua mti gani ulipandwa na babu yupi, na kama shahidi wa mpaka sina tatizo nao hata kidogo. Ukienda umsalimie, shikamoo yako umpe, umwombe aje ashuhudie kama jirani mzee. Tatizo ni pale sahihi yake inapofanywa lango, na mtu wa chama kingine anaogopa kulipitia. Mimi nimeona, kwenye kijiji ambacho sikitaji, mtu anakaa wiki tatu akizungushwa kwa karatasi ambayo wala haihitajiki.

Utaniambia: sawa, tumruke balozi, twende halmashauri ya kijiji. Nao si ni wale wale? Kweli. Uchaguzi wa serikali za mitaa wa 2019 vyama vikubwa vya upinzani vilijitoa baada ya wagombea wetu kuenguliwa kwa wingi, na ule wa 27 Novemba 2024 ukatangazwa CCM imechukua zaidi ya asilimia 98 ya vijiji. Mgombea binafsi haruhusiwi, hata baada ya Mahakama ya Afrika mwaka 2013 kusema katazo hilo linavunja haki. Kwa hiyo kila mwenyekiti wa kitongoji na kila mwenyekiti wa kijiji lazima awe na bendera ya mtu. Hilo ni pambano letu na hatuliachi. Lakini kuna tofauti kubwa kati ya halmashauri na balozi ambayo vijana hamuitumii. Halmashauri ya kijiji ina wajumbe 15 mpaka 25, ina vikao, ina muhtasari, ina mtendaji anayelipwa na serikali, ina muhuri. Ikikataa, unaomba sababu kwa maandishi na unapanda nayo juu. Balozi akikataa unapanda nayo wapi? Kwa katibu wa CCM kata?

Sasa turudi tawini kwetu, maana na sisi tuna uchafu wetu. Nilienda kuangalia ule mwanzi wa bendera. Umechimbiwa mpakani kabisa, karibu na miembe ya mama, na upepo ukivuma toka mashambani kitambaa kinapepea juu ya uwanja wa mama. Na siyo huyo kamanda peke yake. Kampeni zikianza vijana wetu wanatoka usiku na ngazi, asubuhi bendera iko kwenye mti wa mtu, kwenye nguzo ya duka la mtu, hakuna aliyeombwa. Halafu mwenye mti akiitoa tunasema kanunuliwa. Uhuru wa bendera yangu unakaa kwenye kiwanja changu. Bendera iliyo kwenye mti wa mama inamsemea mama asichosema, na siku anauza nyumba inamsemea hata kwa mteja.

Kwa hiyo msimamo wangu nilioupeleka kwenye kikao ni huu, na ulipita kwa tabu. Bendera haishuki. Mwanzi unahama, unachimbiwa mbele ya mlango wa kamanda mwenyewe, hatua kama kumi na tano toka mpakani. Kamanda alihamisha siku hiyo hiyo, mama akamletea maji ya kunywa wakati anachimba, mambo yakaisha kati yao wawili kabla hata sisi wasemaji hatujamaliza kusema.

Kazi kubwa ilikuwa karatasi, na hapa ndipo nataka vijana wa matawi mengine mnakili. Tumemsindikiza mama kuitisha kikao cha ukoo ili wampendekeze kuwa msimamizi wa mirathi, muhtasari umeandikwa, watoto wote wamesaini, akiwemo yule aliyeko Mlimba ambaye alikuwa analeta za kuleta. Muhtasari huo na cheti cha kifo vimeenda Mahakama ya Mwanzo. Akishateuliwa, hati inashughulikiwa, ndipo maombi ya kuuza yanaenda halmashauri ya kijiji na jina la mnunuzi. Mnunuzi akiwa na mke au mume, tunamwambia mapema waandikishe wote wawili. Na kama muuzaji angekuwa na mwenza aliye hai, Sheria ya Ndoa ya 1971, kifungu cha 59, haimruhusu kuuza nyumba ya familia bila ridhaa ya mwenzake, hata kama jina ni la mmoja. Wanaume wa bonde hili mnalijua hilo ila mnajisahaulisha.

Inachukua muda, ndiyo. Mahakama inatangaza, watu wanapewa nafasi ya kupinga, mama anapanda bodaboda kwenda na kurudi. Ila nauli hizo zote ukizijumlisha hazikaribii milioni mbili, nami nilimpigia mama hesabu hiyo kwenye kipande cha boksi, akacheka.

Mwalimu bado anaitaka nyumba. Swali lake la maji tumemjibu kwa kumwonyesha alama ya mafuriko kwenye ukuta wa jirani, sentimita chache juu ya msingi, na kwa mama hayajawahi kuingia ndani. Ameomba ashushiwe laki tatu kwa ajili ya kuinua msingi wa jiko la nje. Hiyo ni sababu ya kweli, mama anaifikiria. Dalali naye ameanza kupita tena, sasa hivi anasema tatizo ni barabara.