Kabla ya Kulipa Fedha ya Kiwanja



Miezi hii wenzetu wengi wamefika ofisini kuuliza habari za viwanja vya Kinakomba. Huyu ni mwalimu akaribiaye kustaafu, huyu ni dereva aliyepata mkopo wa chama cha akiba, na yule ni mpishi wa hospitali aliyeweka senti zake miaka kumi. Kila mmoja ataka nyumba yake mwenyewe, asiendelee kulipa kodi ya chumba mjini Hola mpaka uzee. Ni haja ya haki. Tulipigania mshahara na malipo ya uzeeni kwa sababu hiyo hiyo, mfanya kazi apate pake pa kukaa. Lakini twaona huzuni fedha hiyo inapotolewa kwa siku moja, chini ya mwembe, kwa kiwanja kilichotazamwa mara moja tu, tena wakati wa kiangazi.

Kiangazi twakitaja kwa makusudi. Wakati huo mto umelala chini ya kingo zake, udongo ni mzuri, miembe na migomba imesimama, na muuzaji aweza kusema lo lote. Mwenzetu mmoja, ambaye hatutamtaja jina, alinunua kiwanja cha namna hiyo akajenga vyumba viwili vya matofali na kuezeka mabati. Aliuliza habari za mafuriko, akajibiwa ya kwamba maji hayajafika pale siku nyingi. Hakuuliza siku nyingi ni ngapi. Novemba 2023 maji yaliingia mpaka madirishani, na yeye na watoto wakakaa chini ya turubai kandokando ya barabara. Ukuta mmoja umeanguka. Mkopo wake wakatwa katika mshahara kila mwezi mpaka leo.

Wageni hudanganywa na mbingu. Huku kwetu mvua ni haba, nao huona ya kwamba nchi kavu namna hii haiwezi kuzamisha nyumba. Tana haingoji mvua ya Kinakomba. Maji yake yatoka Mlima Kenya na milima ya Nyandarua, karibu kilometa elfu moja kutoka chanzo mpaka bahari, hata twaweza kufurikwa na jua likiwaka. Huko juu kuna mabwawa ya umeme, kubwa likiwa Masinga, lililomalizika mwaka 1981. Bwawa huzuia maji ya mvua ya kadiri, na kwa hiyo watu wameanza kujenga pale ambapo wazee hawakuthubutu kulala. Bwawa likijaa, maji hupita juu yake na kushuka, na baada ya siku kadhaa yako kwetu. Tangazo la kwamba Masinga limejaa likisikika redioni, aliye bondeni ana siku hizo tu za kuhamisha vitu.

Basi kabla ya kuuliza bei, uliza miaka. Mtafute mzee wa kijiji ambaye hana faida katika biashara hiyo, umwulize maji yalifika wapi mwaka 1961, na tena mwaka 1997 na 1998, na tena 2018, 2023 na 2024. Mwombe akuonyeshe kwa mkono, mti ule au kichuguu kile. Watu wakikumbuka mti mmoja bila kupatana kwanza, hiyo ni ramani bora kuliko nyingi zilizochorwa. Tazama nawe kwa macho yako. Udongo mweusi unaopasuka nyufa pana wakati wa jua ni udongo ulioletwa na maji. Mikindu na mikuyu hupenda palipo na unyevu. Na mashina ya miti huweza kubaki na alama ya tope kwa muda mrefu. Tena rudi mahali hapo wakati wa masika, hata kama muuzaji akuambia kuna mnunuzi mwingine njiani. Mnunuzi huyo wa pili huwa yuko njiani siku zote, wala hafiki.

Umbali na mto nao si jambo la kutegemewa. Wenye umri wakumbuka skimu ya Hola, ambayo mifereji yake ilichimbwa na mahabusu katika miaka ya 1950. Mwaka 1989 mto ulihama njia yake, pampu zikabaki pakavu, na mashamba yakafa. Ikiwa mto uliweza kuiacha pampu ya Serikali, waweza vile vile kuifuata nyumba ya mtu.

Sasa tuje kwenye sheria. Kanuni za maji zaweka ukanda wa mto, mita 6 kwa uchache na 30 kwa wingi kila upande, na humo hairuhusiwi kujenga. Wengine hupima mita 31 wakashukuru Mungu. Hilo ni kosa kubwa. Kanuni ile yalinda mto, haikulindi wewe, maana katika bonde letu maji hutanda mbali sana kupita mita hizo. Kadhalika sheria ya mipango ya ardhi ya mwaka 2019 yataka kila mjenzi apate kibali cha kaunti kabla ya kuanza. Ajengaye bila kibali aweza kutozwa faini mpaka shilingi 500,000, au kufungwa mpaka miezi miwili, au yote mawili. Omba kibali mapema, tena uliza kwa maandishi mpango wa mahali hapo ni upi: makao, mashamba, au njia ya barabara ijayo.

Jambo linalowaponza wengi zaidi ni karatasi. Sehemu kubwa ya ardhi ya wilaya zetu ni ardhi ya jamii. Kwa sheria ya mwaka 2016, ardhi ya jamii isiyoandikishwa imewekwa mikononi mwa kaunti kama amana, na kaunti yenyewe haina ruhusa ya kuiuza. Ikiwa imeandikishwa, haiuzwi mpaka thuluthi mbili za watu wazima walioandikishwa wakubali. Basi mtu mmoja anayekuuzia kipande chake kwa barua iliyogongwa muhuri wa chifu akuuzia nini? Chifu ni shahidi mwema, lakini muhuri wake si hati miliki. Hata barua ya kugawiwa kiwanja cha mjini haitoshi: mwaka 2023 Mahakama ya Juu iliamua ya kwamba barua hiyo peke yake haimpi mtu umiliki anaoweza kumwuzia mwingine. Penye hati, nenda mwenyewe kwa msajili wa ardhi ukapekue daftari, usikubali nakala iliyotoka mfukoni mwa muuzaji. Na ikiwa ni shamba, idhini ya bodi ya ardhi yatakiwa, pamoja na ridhaa ya mke au mume wa muuzaji ikiwa ni mali ya ndoa.

Kuna na malka, njia za mifugo kushukia mtoni. Mgeni huona uwanja mtupu, hajui ya kwamba mwezi wa ukame ng'ombe watapita hapo. Mapigano ya Tana Delta ya mwaka 2012 na 2013, yaliyoua watu zaidi ya mia moja, yalikuwa na mizizi katika maji na malisho. Mpokomo na Mworma waulizwe wote wawili habari za kiwanja, si yule wa kabila la muuzaji peke yake.

Kwa upande wa kaunti, tumekwisha kuomba na twaomba tena: wapimaji waweke nguzo zenye alama ya kimo cha maji katika kila kijiji cha bonde, na mstari wa mafuriko uchorwe katika ramani za mipango, ili karani asitie sahihi kibali cha nyumba mahali ambapo wazee wote wajua patazama. Twasikia ya kwamba kazi hiyo ni ya gharama. Mahema nayo yana gharama, na hununuliwa tena na tena.

Katibu wa tawi atakuwa ofisini kila Jumamosi asubuhi kusoma karatasi za wanachama bila malipo. Mwenye nia ya kununua azilete kabla hajatoa hata arbuni, na aje na mkewe au mumewe.